Simba wa Bwana Misitu

Landrova ya Misitu ilikwisha vuka korongo na kuanza kupanda upande wa pili, lakini Cecilia alikuwa bado amesimama pale pale njiani. Turubai la nyuma lilikuwa limefungwa nusu. Katika ile nusu iliyobaki wazi alikaa mumewe, Melkizedeki, amepakata kichwa cha simba kama mtu anayepeleka mtoto zahanati. Gari lilipoyumba kwenye mawe akakumbuka kumpungia mkewe. Mkono alikuwa amekwisha uingiza kwenye vazi, maana lilimpa taabu kulivaa garini, basi akapunga kwa mguu wa simba, kucha zote nje.

Watu walikuwa wengi njiani asubuhi ile, wakielekea shamba la kijiji na majembe begani. Hakuna aliyepunga. Mmoja alitema mate pembeni, wengine wakaanza kutembea haraka.

"Umeona alichofanya mwanangu?" mama mkwe aliuliza kutoka mlangoni. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini yalikuwa na tabia ya kuona yale ambayo Cecilia aliomba yasionekane.

"Amesahau, mama."

"Kitu kama kile hakisahauliwi. Mtu anasahau kofia."

Cecilia alichukua jembe akawafuata wenzake. Alipofika shambani, kila mwanamke alikuwa amekwisha shika mstari wake. Kati ya mstari aliobakiziwa yeye na wa jirani yake palikuwa na mistari miwili mitupu. Akalima peke yake mpaka jua la saa sita, anasikia vicheko vya wenzake kwa mbali, na kila akisogea, vicheko vinakatika.

*

Habari yenyewe ilianza mwezi wa sita, mwaka wa pili tangu watu wahamishiwe kijijini kule nyuma ya Mungaa. Bwana Misitu, jina lake Mohamedi, kijana msafi wa Tanga mwenye kalamu tatu mfukoni, aliitisha mkutano kwenye kiwanja cha shule.

"Ndugu wananchi," alisema, "kila mwaka msitu wa serikali unaungua. Tumesema, tumebandika matangazo, mmeyabandua mkafungia tumbaku. Sasa wenzetu huko Ulaya wana dubu. Dubu yule anatembea mashuleni, anawaambia watoto msichome msitu, na watoto wanatii kuliko wanavyowatii baba zao. Sisi dubu hatuna. Tuna nani?"

Watu wakatazamana.

"Tuna simba! Mfalme wa pori!"

Akaashiria, na kutoka nyuma ya darasa akatoka mtu aliyevaa simba. Mwili ulikuwa wa magunia yaliyotiwa rangi. Manyoya ya shingoni yalikuwa katani iliyochovywa kwenye chai ya rangi. Lakini miguu ya mbele ilikuwa ya simba wa kweli, imetoka stoo ya wanyamapori, kwa sababu Bwana Misitu alitaka watoto waone kucha zenyewe.

Watoto walipiga kelele wakakimbia, wengine wakapita dirishani. Wanawake waliokuwa wamekaa chini walisimama wote kwa pamoja. Mzee Mughwai, mrina asali, mtu mpole asiyegombana hata na nyuki, alichomoa panga akasimama nalo mbele ya mkewe Kristina. Simba akanyoosha miguu juu, akasema kwa sauti ya Melkizedeki, sauti ambayo kila mtu pale aliijua:

"Mimi ni Simba, mlinzi wa msitu! Usichome mchana. Choma jioni, upepo ukilala. Kwanza fyeka barabara ya moto, hatua kumi, moto usivuke. Usiondoke mpaka majivu yapoe!"

"Mnaona wanavyomheshimu!" Bwana Misitu alimwambia dereva wake, Petro, akaandika kwenye daftari kwamba wananchi walipokea kampeni kwa hisia kubwa.

Hakuna aliyemwambia. Ni nani angemwambia? Watu wazima wote waliokuwa kiwanjani pale waliikumbuka ile miaka ya mkoloni, watu walipouawa mashambani kwa kucha, na ikasemekana mpaka mahakamani kwamba waliowaua hawakuwa simba, walikuwa watu waliovalishwa ngozi na kukodishwa kama unavyokodi punda. Watu-simba. Jambo hilo halitajwi mbele ya mgeni, na likitajwa, halitajwi jua likishazama. Cecilia alikuwa na miaka minane wakati ule. Shangazi yake alikwenda kuamia ndege kwenye uwele asubuhi, jioni akarudishwa amefunikwa shuka.

Siku ile ya mkutano alimngoja mumewe ajifute jasho.

"Baba Anastazia, kazi hii iache."

"Niache vipi? Mimi ni kibarua. Bwana Misitu ameniambia, tukimaliza vijiji vyote, jina langu linapelekwa mkoani niajiriwe kabisa. Nina sare, nina likizo, nina pensheni." Alisema hilo neno pensheni kwa uangalifu, kama mtu anayebeba yai. "Na mimi ndiye mrefu kuliko wote. Vazi halimwenei mwingine."

"Watu wanaogopa."

"Wataacha. Watoto wa Manyoni mjini walinicheka."

"Hawa si watoto wa Manyoni."

Melkizedeki akaanza kulikunja vazi. Na yeye alikuwa amezaliwa palepale.

*

Siku ya tatu baada ya Landrova kuondoka, Cecilia alikwenda kisimani na ndoo mbili. Akakuta wanawake kumi na zaidi wamezunguka, wanaongea kwa Kinyaturu kwa sauti za chini. Alipowasalimia walijibu kwa Kiswahili, kama wanavyomjibu mtu wa kupita.

"Endelea wewe kuteka," mmoja alisema. "Sisi tumemaliza." Ndoo zao zilikuwa tupu.

Aliyebaki ni Kristina, mke wa mzee Mughwai. Alimsogelea, akawa anajifanya kufunga kata yake.

"Mwanangu, umesikia ya Sijaona?"

"Sijaona yupi, mama?"

"Yule mjukuu wa mfinyanzi, kule kijiji cha pili, mumeo alikolala juzi. Alikwenda kuni. Wamemkuta bondeni." Akatazama pande zote. "Waliomwosha wanasema mgongoni kuna alama za kucha. Nne. Mtu amehesabu. Simba ana ngapi mguu wa mbele?"

"Sijui mama. Mimi sijawahi kuhesabu."

"Watu wanasema tano, na ile ya pembeni. Hizi ni nne." Alijitwika ndoo. "Mimi sikusema kitu. Nimekuja maji."

Cecilia aliteka ndoo moja, ya pili hakuiteka. Njiani alimkuta Anastazia, bintiye wa miaka saba, anatoka shule kabla ya saa. Sare yake ilikuwa na vumbi mgongoni lote.

"Wamenikataza kucheza. Wamesema nitawala."

"Nani amesema?"

"Wote."

Alasiri akaja Balozi Antipasi, kiongozi wa nyumba kumi, na daftari lake kwapani. Alikuwa mtu wa utani siku zote. Siku ile alikataa kigoda.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama mkwe.

"Marahaba. Leo husemi njaa?"

"Leo nimeshiba, mama." Akamgeukia Cecilia. "Shemeji, mimi ni mtu wa kutumwa. Mumeo anarudi kesho?"

"Kesho."

"Na kile kitu chake?"

"Bwana Misitu atakirudisha ofisini."

"Sawa. Kikirudi ofisini ni sawa kabisa. Kikilala hapa, wazee wanataka kukiona. Watakuja keshokutwa saa tisa, na mgambo. Kuangalia tu. Wakikikuta kizima, hakina damu, kina kila kitu chake, basi, tunacheka, tunakunywa togwa."

"Na wasipokikuta kizima?"

Antipasi alifungua daftari, akalifunga. "Shemeji, mimi ndiye niliyewagawia kiwanja hiki. Sipendi kukiandika jina lingine."

*

Melkizedeki alirudi kesho yake jua linashuka, na simba wake mabegani. Ofisini kulikuwa na panya, Bwana Misitu alisema. Panya wangekula uji wa ngano ulioshikilia kichwa. Alikuwa ametia sahihi kwamba mali ya serikali iko mikononi mwake.

Hakula. Alimega ugali, akauchovya kwenye mlenda, akaurudisha.

"Kule wamenikatalia maji," alisema. "Mtu mzima ninaomba maji ya kunywa, mtu anafunga mlango."

"Umesikia ya Sijaona?"

"Nimesikia."

"Ulilala wapi siku hiyo?"

Aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa Cecilia kumwuliza mumewe swali la namna hiyo, na wote wawili walilisikia lilivyotua.

"Darasani. Petro alilala kwenye gari. Bwana Misitu alilala kwa mwalimu."

"Kwa hiyo ulilala peke yako."

"Cecilia."

"Mimi nauliza watakayouliza wao."

"Nililala peke yangu," alisema Melkizedeki, "na yule simba nilimweka mlangoni, maana mlango haukuwa na komeo. Nilikuwa naogopa. Umeridhika? Nilikuwa naogopa kama ninyi."

Mama mkwe alikohoa gizani. "Kitu hicho kikilala humu, mimi natoka." Kikalala humu, na yeye hakutoka, ila walimsikia akisali mpaka jogoo wa kwanza.

Asubuhi Melkizedeki alichukua panga na kibuyu cha maji akaingia msituni, zamu yake ya doria. "Wazee wakija saa tisa nitakuwa nimerudi. Waonyeshe. Hakuna cha kuficha." Akaondoka na lile koti lake la kijani lisilo na vifungo.

*

Alipotoweka, Cecilia alifunga mlango, akamvuta simba mpaka kwenye mwanga wa tundu la ukuta. Alitaka tu kumfuta vumbi, awe msafi mbele ya wazee. Alifuta kichwa. Alifuta miguu ya magunia ya nyuma. Akachukua mguu wa mbele wa kushoto, akahesabu: tano. Akachukua wa kulia.

Nne.

Akahesabu tena, akigusa kila moja kwa kidole. Pale ilipotakiwa kuwa ya tano palikuwa na tundu na uzi uliokatika.

Alikaa chini. Alikumbuka mguu ule ukipunga garini, kucha zote nje. Alimkumbuka mumewe usiku uliopita, miguu yake mirefu imelala kando yake, mikono yake ya kukata miti. Wazo likamjia, akalisukuma, likarudi likakaa. Huyu mtu namjua? Wale wa zamani nao walikuwa na wake. Nao, walisema, hawakujua walichofanya. Walivalishwa, wakatumwa, wakarudi wakala chakula cha jioni.

Aliona aibu kwa wazo lile hata akajipiga kofi. Lakini aibu haikuongeza kucha. Saa tisa wazee wangehesabu. Mgambo wangekuwa na kamba. Mwaka uliopita alimwona mtu aliyefungwa kamba zile kwa wizi wa mbuzi mmoja tu, na yule hakufika kituoni.

"Mama," alisema, "nakwenda kuni."

Mama mkwe alikuwa ameketi na macho yake mabovu yameelekea palepale penye mwanga. "Nenda," alisema. "Chukua na mafuta ya taa. Kuni za siku hizi mbichi."

Akamkunja simba ndani ya kapu kubwa la kuvunia uwele, akamfunika kwa makapi na kanga. Kichwa kilikataa kuingia. Akakiponda kwa mchi mpaka kikalainika. Akapita njia ya nyuma, kando ya mizinga na nyumba ya mzee Mughwai, akavuka mashamba ya mwisho mpaka mahali penye kichuguu, ambapo nyasi za kijiji zinakutana na msitu wa serikali.

Jua lilikuwa utosini. Upepo wa mwezi wa tisa ulikuwa unavuta nyasi upande mmoja, kavu, zinalia kama karatasi. Maneno aliyajua yote. Mumewe aliyakariri nyumbani wiki tatu, hata Anastazia aliyaimba akitwanga. Usichome mchana. Choma jioni, upepo ukilala. Lakini jioni, saa tisa ingekuwa imekwisha pita. Na hata kama wazee wangechelewa, ni mwanamke gani wa kijiji kile angekwenda ukingo wa msitu jioni, wiki ile, peke yake? Alitazama jua, akatazama njia aliyokuja nayo. Hatua kumi. Alifyeka kwa mikono hatua mbili, mikono ikatoka damu, akamwaga mafuta.

Magunia yaliwaka taratibu. Miguu ya kweli ilinuka nywele. Alikuwa amekwisha anza kupumua wakati moto ulipofika kwenye katani ya shingoni. Upepo ukazunguka, kile kisulisuli kidogo cha mchana kinachochezea majani uani, ukainyanyua katani ile inawaka, ukaipeleka juu ya kichuguu, ukaitawanya.

Aliukimbilia moto wa kwanza akaupiga kwa tawi. Akaukimbilia wa pili. Kanga ikashika, akaivua akaikanyaga. Wa tatu ulikuwa ndani ya msitu tayari, na ulikuwa unavuma.

Ndipo akakumbuka nani yuko ndani.

"Baba Anastazia!" aliita. Akaita mpaka moshi ukamjaa kooni.

*

Rimu la gari lililoning'inizwa shuleni lilipigwa saa nane. Watu walitoka na matawi, na majembe, na ndoo. Wazee waliokuja kuhesabu kucha walikwenda kupiga moto, mgambo nao wakaacha kamba. Cecilia alipiga moto mstari mmoja na wanawake wa kisimani. Hakuna aliyeacha nafasi kati yake na mwingine siku ile. Waligusana mabega, wakikohoa pamoja. Kila mara aliinua kichwa kutazama ule mlango wa moshi ambao mtu angeweza kutoka. Karibu yake Kristina alikuwa anatazama palepale. Mzee Mughwai alikuwa ameingia alfajiri kuangalia mizinga yake ya mbali.

Melkizedeki alitoka kesho yake asubuhi, kwa upande wa mto mkavu, amefungwa miguu kwa vipande vya koti la kijani. Alitambaa zaidi kuliko kutembea. Cecilia alimfikia akamshika uso kwa mikono miwili, akamshika mabega, vidole, kama mtu anayehesabu.

"Simba wako nimemchoma," alimwambia sikioni. "Ni mimi."

Melkizedeki alimtazama. Kope zake zilikuwa zimeungua.

"Mchana?" aliuliza.

"Mchana."

Mughwai alipatikana siku ya tatu, chini ya mti wa mzinga. Kengee, kisu chake cha kurinia, ilikuwa bado imening'inia kiunoni, na mwenge wake haukuwa umewashwa.

*

Cecilia alikwenda kwa Bwana Misitu siku moja baada ya maziko, kwa miguu mpaka ofisini, akamweleza yote tangu kisimani. Bwana Misitu alisikiliza kalamu ikiwa mkononi. Mwishoni aliifunga.

"Mama, ukisema hivyo mkoani, wataniuliza simba yule wazo la nani."

"Sijui watakuuliza nini. Mimi nakuambia moto ulianzia wapi."

"Mwenye mwenge amekwisha kufa," alisema, naye hakumtazama. "Haitamuuma."

"Ana mke."

"Nenda nyumbani, mama. Shughulikia miguu ya mumeo."

Taarifa iliandikwa kwamba moto ulisababishwa na marehemu Mughwai, mrina asali, kwa uzembe, na kwamba vazi la kampeni liliteketea katika juhudi za kuzima. Warina asali wote walizuiwa kuingia msituni misimu miwili. Bwana Mohamedi alihamishiwa nyanda za juu, akapandishwa cheo. Huko hakutumia mnyama.

Mwezi wa kumi na moja askari wa wanyamapori walimpiga risasi simba jike mzee, karibu na bonde alikofia Sijaona. Hakuna aliyehesabu kucha zake. Ukucha uliopotea Petro dereva aliuokota chini ya tairi la akiba, akautoboa akautia kwenye funguo za Landrova, ukakaa hapo mpaka gari lilipokufa.

Melkizedeki hakuajiriwa. Mguu mmoja haukunyooka. Alichonga mipini ya majembe, na watu walinunua. Mama mkwe alifariki mwaka wa njaa, hakuwahi kuuliza zile kuni zilikuwa za nini. Anastazia aliolewa Ulemo. Antipasi alibaki balozi mpaka nyumba kumi zikafutwa, na kiwanja hakikubadilishwa jina.

Cecilia alimpelekea Kristina maji kila asubuhi, ndoo ya kwanza kabla ya yake. Mwaka wa kumi na moja tangu moto ule, wakimenya karanga uani, alimwambia. Alisema yote, polepole, bila kuinua kichwa.

Kristina aliendelea kumenya.

"Nilikuona ukipita na kapu," alisema. "Mkia ulikuwa unaning'inia nje. Ningeweza kukuita, nikwambie ngoja jua lipoe. Lakini na mimi nilitaka kiungue."